Mapigo Kumi na Moja

Kinanda kilifika Kiboriloni kwa mkokoteni,
kimefunikwa shuka la maua, kimefungwa kamba ya katani.
Anaeli alitembea kando, kiganja juu yake,
kama anayemsindikiza mgonjwa asiyetaka kufika.
"Kinalia vizuri tu, fundi," akaniambia.
"Ila hakikumbuki."

Nikakifungua. Mende watatu wakavu, punje ya mahindi,
sarafu ya shilingi tano,
na nyuma ya mdomo mwembamba unaomeza diski
mkanda wa mpira uliokuwa ukizungusha kila kitu
umeyeyuka ukawa ulimbo.
Miaka kumi na tisa bila kuguswa.
Mpira nao huchoka kungoja.

Vijana wa simu, kibanda cha pili, walinicheka:
Diski! Hiyo hata picha moja haiingii.
Kweli, haiingii.
Mchungaji naye akatuma ujumbe: weka flashi, tumalize.
Nitaweka. Lakini flashi haijui alichoandika mwalimu Ndewirwa,
na mwalimu amelala Kirua, chini ya migomba, hawezi kuandika tena.

Siku nne nilisugua ulimbo
kwa spiriti na kijiti cha pamba.
Mkanda mwingine haukupatikana Moshi nzima.
Arusha nilikokuwa nikinunua, duka limegeuka la mawigi.
Nikautoa kwenye redio kaseti ya mama.
Mama alinitazama, akala, akanawa mikono,
ndipo akasema: "Basi nayo ikasali."

Diski yenyewe ya bluu, kona imemegeka,
mwandiko wa kuinamia kulia:
PASAKA. MSIFUTE.
Ndani, ukungu, kama pumzi juu ya kioo.

Nilimwambia Anaeli mapema, asije akavunjika:
diski hii haitunzi sauti.
Hamna kikohozi chake humu, hamna salamu.
Kuna orodha tu: kidole kimeshuka, kidole kimeinuka,
kwa nguvu gani, baada ya muda gani.
Alisikiliza kama mtu anayesomewa wosia wa shamba dogo.

Jumamosi umeme ulirudi saa kumi jioni.
Mota ikaguna, ikasita, ikakubali.
Kichwa kikaanza kutafuta, kwaru, kwaru,
kuku anachakura.
Taa nyekundu.
Taa ya kijani.
Halafu kimya.

Nilinyoosha mkono nizime.
"Acha," akasema.
Kidirisha kilikuwa kinahesabu: tatu, nne, tano.
Chombo kilikuwa kinasoma, na kilichoandikwa
ni mtu aliyebonyeza kitufe cha kurekodi
kisha asianze.
Tisa. Kumi.
Kumi na moja.

Ndipo ikaja, kwa sauti ya filimbi,
polepole kuliko kifua cha kwaya yoyote kinavyoweza,
vitufe vimetulia, hakuna anayevigusa,
na kosa lile lile la kidole cha pete ambalo Usharika mzima
uliishia kulifuata, ukaliimba hivyo hadi leo.
Ubeti wa tatu umeliwa na ukungu.
Tuliruka shimo. Upande wa pili alikuwa bado anapiga.

Nilinakili mara mbili kabla mkanda haujabadili nia.
Elfu arobaini, nikamwambia, mkanda bure.
Na kile kimya cha mwanzo, nikikate?
Watu watadhani kimeharibika tena.

Hakujibu. Akakunja mkono wa sweta.
Saa ya kiume, pana mno kwa kiwiko chembamba,
ngozi imetobolewa tundu la ziada kwa msumari.
"Hakupiga kamwe akiwa ameivaa," akasema.
"Hapo alikuwa anaivua. Bizimu yake ngumu.
Hebu jaribu."

Nikajaribu.
Vidole vyangu vya lehemu vilichukua muda mrefu zaidi.